Barua ya wazi kwa wakubwa wa futiboli ya vyuo Marekani: anayelala siye aliyeamua

Wakubwa wa kamati ya sheria za futiboli ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na makamishna wa makonferensi yote, yaani zile ligi za vyuo, SEC, Big Ten na wenzao, shikamooni. Walio rika langu, mambo vipi.

Mimi ni Mtanzania wa Tanga, nipo Houston mwaka wa 14 sasa, naendesha trela. Barua hii naiandika Kiswahili makusudi kwa sababu Kiingereza changu nikikasirika kinanikimbia, na pia kwa sababu Waswahili wenzangu wengi huku wana watoto wanaocheza huu mchezo wenu na wanatakiwa waelewe kinachoendelea kabla hawajaja kuaibika uwanjani kama tulivyoaibika sisi, ntafika huko. Wa kuwatafsiria mtamtafuta, hela mnazo.

Shida yangu ni moja, wachezaji wanaojilaza kama wameumia na hawajaumia, ili tu mpinzani apunguze spidi.

Kwa ndugu zangu ambao huu mchezo, siyo soka, ni futiboli ya Kimarekani, mnaupita tu kwenye tivii, ngoja niwape darasa la haraka, wakubwa nyie rukeni hapa. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 isogee yadi 10. Zamani kila jaribio likiisha watu wanakusanyana, wananong'ona, wanarudi kwenye mstari taratibu. Sasa kuna timu zikagundua kumbe ukiacha kunong'ona, ukarudi kwenye mstari fasta na mpira ukaanza tena hapo hapo, difensi, yaani timu isiyo na mpira, inakufa yenyewe. Wale majamaa wa mbele kabisa ni watu wa paundi 300, kilo 136 hivi, mtu wa namna hiyo hajaumbwa kukimbizwa mara 10 mfululizo bila kupumua. Na sheria ilivyo, timu yenye mpira ikiingiza mtu mpya refa anaizuia kidogo ili na difensi nao wabadilishe, lakini isipobadilisha mtu hakuna cha kusubiriwa, mpira unaendelea na difensi inabaki na walewale, ndimi nje. Taimauti, yaani kocha kuomba mchezo usimame kidogo, ni 3 tu kila kipindi na kocha anazibania kama mtu anavyobania hela ya kodi.

Basi mtu mmoja analala. Saa inasimama, daktari anaingia, maji yanagawiwa, kocha anaita watu wake pembeni anawapanga upya, wale wa kilo 136 wamepiga magoti wanavuta hewa. Dakika mbili hizo. Mgonjwa anainuka, anapigiwa makofi, anatoka jaribio moja, halafu anarudi anakimbia kama swala.

Sasa mimi siyo mtakatifu. Nimecheza ndondo Tanga miaka, beki wa kulia, na kipa wetu ikifika dakika ya 80 tunaongoza alikuwa ghafla anakumbuka kwamba ana mgongo. Tulikuwa tunamshangilia. Kwa hiyo sijaja hapa kushangaa kwamba wanadamu wanajiangusha. Ila kuna tofauti moja ambayo nadhani nyie mliokulia kwenye huo mchezo hamuioni, na sisi tuliokulia kwenye soka tunaiona siku ya kwanza. Kwenye soka mchezaji wa ndani akitibiwa uwanjani kwa kawaida inabidi atoke nje ya mstari asubiri refa amruhusu, na muda huo timu yake ipo 10. Kumi dhidi ya kumi na moja, inauma, nimeshaona timu inafungwa goli mtu wake yuko nje anapuliziwa dawa. Kwenu nyie kubadilisha wachezaji hakuna mwisho. Aliyelala akitoka anaingia mwingine aliyekaa benchi amepoa, safi kabisa, anatokwa jasho la joto la Texas tu. Kwa hiyo hiyo adhabu yenu ya kukaa nje jaribio moja siyo adhabu, ndiyo kitu chenyewe kocha alichokuwa anakitafuta! Alitaka kubadilisha mtu, mmembadilishia.

Na msiniambie mmeshtukia juzi. Novemba 2010, timu ya chuo cha California ilicheza na ya chuo cha Oregon. Oregon ya kocha Chip Kelly wakati ule ilikuwa namba 1 nchini, inapiga watu zaidi ya pointi 50 kwa mechi kwa hiyo hiyo spidi. Siku ile wakapata 15 tu, wakashinda 15 kwa 13 kwa jasho. Mchezaji wa difensi ya California alilala kwa namna ambayo hata mtoto wa chekechea angesema huyu anaigiza, video ikasambaa, na baada ya siku chache kocha wa laini ya difensi, Tosh Lupoi, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Akafungiwa mechi moja. Moja! Na mnajua maisha yalivyo na vituko, mwaka 2022 jamaa huyo akaajiriwa kuongoza difensi ya timu gani? Oregon. Simchukii, alikiri na akatumikia, wengi hawajafanya hata hilo, ila nataka mkumbuke kwamba tangu siku ile mlikuwa mnajua amri inatoka wapi. Haitoki kwa anayelala.

Halafu mkakaa nayo. 2011, 2015, 2020, mnasema ni suala la maadili, kitabu chenu cha sheria mwanzoni kabisa kwenye yale maneno ya maadili kimeandika kwamba kujifanya umeumia ni udanganyifu na ni kinyume na roho ya mchezo. Vizuri sana. Hata kwenye daladala wameandika usitoe kichwa nje.

Mnaweza kufanya haraka mkitaka, hilo ndilo linaloniudhi. Tarehe 12 Oktoba 2024 Oregon hao hao wakiwa kwao Eugene wanaongoza 32 kwa 31 dhidi ya Ohio State, zimebaki sekunde 10, wakaingiza watu 12 kwenye difensi. Adhabu yake yadi 5, lakini saa ikala sekunde 4 na hairudishwi. Ujanja mtupu, na mimi nilipiga kelele sebuleni kwa furaha maana ujanja ule ulikuwa ndani ya sheria. Kabla wiki haijaisha nyie mmeshatoa tafsiri mpya, kwamba dakika mbili za mwisho timu iliyoonewa inaweza kudai saa irudishwe. Siku nne! Shimo limezibwa. Sasa shimo la wanaojilaza mlilijua 2010, adhabu ya kwanza yenye mantiki uwanjani ikaja 2025. Miaka 15. Mtoto aliyezaliwa siku ya ile mechi ya California sasa hivi anaota ndevu.

Nirudi nyuma kidogo, 2024. Msimu ule mambo yalizidi, makocha wananyoosheana vidole kila Jumamosi, Ole Miss, yaani chuo cha Mississippi, ndiyo walitajwa zaidi ya wote, mpaka tarehe 1 Novemba kamishna wa SEC Greg Sankey akaandika waraka mkali akisema acheni, na akaweka bei. Kocha mkuu kosa la kwanza dola 50,000, la pili dola 100,000, la tatu anafungiwa mechi. Nikasema haya, angalau mtu amepandisha sauti. Halafu nikachukua kalamu. Kocha mkubwa wa SEC analipwa dola milioni 9 kwa mwaka, wengine wamepita hapo, Kirby Smart wa Georgia ameshafika milioni 13. Hiyo 50,000 kwa mtu wa milioni 9 ni sawa na mimi, tuseme napata 50,000 kwa mwaka, mnipige faini ya dola 280 hivi. Wakubwa, mimi nimeshalipa tiketi ya spidi pale Beaumont kubwa kuliko hiyo na mwezi uliofuata nilikimbia tena. Mtu anayecheza nafasi ya kuingia pleiofu, yale mashindano ya mwisho ya kusaka bingwa, ambayo yana mamilioni, atashindwa kununua taimauti ya dola 50,000? Na hiyo ni mpaka ithibitishwe, na uthibitisho wenyewe ni video inapelekwa kwa msimamizi wa marefa wa taifa, anaangalia, maoni yake yanarudi kwa konferensi, na sisi tunaolipia tiketi na vifurushi vya tivii tunabaki hatujui iliishaje.

Ndiyo ikaja sheria ya 2025. Nikiri, hii ni nzuri kuliko zote kabla yake. Refa akishaweka mpira chini tayari kwa jaribio linalofuata, halafu madaktari wakaingia kumhudumia mtu, timu yake inakatwa taimauti, na kama haina taimauti inarudishwa yadi 5 kwa kuchelewesha mchezo. Safi. Mmegusa benchi badala ya kijana. Ila mmeweka mlango mkaacha dirisha, maana mtu akilala mapema, mpira bado uko mkononi mwa refa anatembea nao, hana kosa. Sasa makocha wanafundisha nini? Wanafundisha kulala haraka. Yaani mmeboresha uigizaji. Zamani yule mwongo alikuwa anajulikana, amesimama mzima, anaangalia benchi, anakumbuka, anaanguka. Sasa hivi anabaki chini moja kwa moja baada ya kukabana, hapo hapo kwenye rundo la watu, ambapo hata aliyeumia kweli ndipo huwa anabaki.

Sasa niwaambie kwa nini dereva wa trela anahangaika na haya.

Texas shule za sekondari za serikali zinacheza kwa kitabu chenu. Siyo kile cha sekondari za majimbo mengine, ni chenu cha vyuo, pamoja na marekebisho ya hapa na pale. Kwa hiyo mkiacha shimo huko juu, linafika kwa watoto wetu Ijumaa usiku, na makocha wa sekondari wanaangalia Jumamosi wenzao wa vyuo wanafanya nini.

Msimu wa 2024 kijana wangu alikuwa na miaka 16, anacheza laini ya difensi. Shule siitaji. Siku moja namrudisha nyumbani, anakula chipsi kwenye gari, akaniambia baba leo tumefundishwa kuanguka. Nikadhani kuanguka ili usivunjike mkono, kama wale wa judo. Akasema hapana, kocha akishika kofia mara mbili, yule aliyeko upande wa mbali na benchi analala. Nikamuuliza kwa nini wa mbali. Akasema kwa sababu daktari atachukua muda mrefu kufika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Nikakumbuka kipa wetu na mgongo wake.

Ijumaa ile mama yake alikuja. Mchezo wenyewe mpaka leo haujui, anakuja na kanga yake na chupa ya chai anaangalia mtoto wake tu, mpira ukienda huku yeye anaangalia kule. Robo ya tatu wapinzani wanakwenda mbio, kofia ikashikwa, na aliyeko mbali ni wetu. Akaenda chini kama gunia. Mama yake hakuniuliza kitu, nilisikia tu Yaa Rabi mwanangu, ameshateremka ngazi za jukwaa, ndala moja imebaki kwangu, chai imemwagika, amefika kwenye uzio anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu siku anajifungua. Mtoto akafungua jicho moja akamwonyesha kwa mkono, rudi mama, sijaumia. Watu waliokuwa karibu wakacheka. Njia nzima kurudi nyumbani hakusema na mimi, maana aligundua kwamba mimi nilikuwa najua.

Wiki tatu baadaye, uwanja ule ule, akalala mwenzie. Kijana wa familia moja ya Kikongo tunayokaa nao jirani, mama yake anafanya kazi usiku, Ijumaa huwa anatuachia tumwangalizie. Alilala upande wa mbali. Mke wangu akamwangalia, akasema hawa nao wameshaanza, akaendelea kumimina chai. Na mimi nimekaa. Jukwaa la wapinzani wanazomea, wa kwetu wanachekelea chini chini kwa sababu wanajua mchezo. Tulikaa hivyo mpaka kikaja kile kigari cha kubebea majeruhi. Goti lilikuwa limechanika. Mtu wa kumpigia simu mama yake kazini alikuwa ni mimi, na swali lake la kwanza lilikuwa nani alikuwa naye pale chini, na nikamwambia tulikuwepo.

Hicho ndicho mnachokiuza wakubwa. Mnaongea habari ya spidi na haki ya difensi na kuvuruga televisheni, mimi naona kitu kingine, mnaua maana ya mtu kuwa chini. Na siyo sekondari tu. Oktoba 2021 pale Iowa, mechi na Penn State, mashabiki walizomea wachezaji wa Penn State waliolala, Iowa wakashinda 23 kwa 20. Kati ya walioumia siku ile alikuwemo P.J. Mustipher, nguzo ya difensi yao, na hakucheza tena msimu ule. Msimu mzima umekwenda. Na Iowa wala siyo timu ya mbio, kwa hiyo hata sababu ya kudanganya ilikuwa ndogo, lakini watu walishazoea kufikiria hivyo. Kocha wa Penn State wakati ule, James Franklin, alilalamika sana baadaye, wengine wakamwona analia lia. Mimi ningekuwa yeye ningelia zaidi.

Najua mtanijibu nini, usalama. Kwamba mkibana sana, kijana aliyeumia kweli atajikaza abaki amesimama kuogopa kuigharimu timu taimauti, na kichwa kilichogongwa hakitakiwi kujikaza. Ni hoja ya kweli na ndiyo maana sitaki mumbane kijana. Nilikuwa na wazo kwamba aliyelala akae nje mpaka timu yenye mpira imalize zamu yake yote, siyo jaribio moja, na kama kocha anamtaka mapema amnunue kwa taimauti yake. Bado nalipenda, ila nimelizungusha kichwani barabarani kutoka hapa mpaka El Paso na nimeliona tobo lake, kocha atamlaza mtoto wa akiba ambaye hamhitaji. Masikini yule wa akiba hawezi kukataa, anatafuta namba.

Kwa hiyo mnavyozunguka kote mnarudi kwa mwenye kofia. Mfungieni kocha mkuu kosa la kwanza, siyo la tatu, na siyo msaidizi wake atolewe kafara kama 2010. Mechi moja nje, msimu una mechi 12, hiyo ndiyo bei anayoisikia, pesa haisikii. Iwe nchi nzima, siyo SEC peke yao. Na video zikishaangaliwa, matokeo yatolewe hadharani kila wiki, hii ilikuwa kweli, hii ilikuwa uongo, hii hatuna uhakika, ili aliyeumia kweli asafishwe jina na watu waache kuzomea hovyo. Mchezaji atakayesema aliagizwa asiguswe, nafasi yake na pesa zake zilindwe, hasa sasa ambapo tangu 2025 vyuo vinawalipa moja kwa moja na kocha anaweza kumkomoa mtu vizuri zaidi ya zamani.

Na kama ndani ya mioyo yenu mnaamini difensi inaonewa na hizi mbio, basi semeni wazi. Mwaka 2014 kamati yenu ilileta pendekezo la kuipa difensi sekunde 10 za kubadilisha watu kabla mpira haujaanza, makocha Nick Saban na Bret Bielema wakaliunga mkono, makocha wa mbio wakachachamaa, na Machi likaondolewa mezani. Mimi mpenzi wa mbio nilifurahi likiondolewa. Leo nikilifikiria naona afadhali lingepita, hata kwa sekunde 5. Mtu aliyenyimwa mapumziko ya halali aliyatafuta kwa kulala, na nyie mlimwona mkageuka upande wa pili, miaka hiyo yote.

Kijana wangu bado anacheza. Nilimwambia kofia ikishikwa asimame, kama ni kutolewa timu na atolewe, akaniangalia kama vile nimemwambia tuhame. Ana miaka 17. Kumwomba yeye ndiye amkatalie kocha, wakati nyie watu wazima wenye ofisi Indianapolis hamjaweza, naona haya hata kulirudia.

Majibu mnaweza kuandika Kiingereza, atanisomea.

Mimi mzazi, Houston, Texas.

NB: Mama watoto ameniambia msimu huu atakaa ngazi ya chini kabisa karibu na geti la uzio. Akilala yeyote, wa kwetu au wa wenzetu, yeye anakimbia, wakimcheka wamcheke. Ameshanunua raba.